Teknolojia ya kuwasaidia waamuzi wa mpira wa miguu

Teknolojia ya kuwasaidia waamuzi wa mpira wa miguu ni mitambo ya kamera, vihisio na mawasiliano inayotumika kuthibitisha au kurekebisha maamuzi ya refa uwanjani. Inayojulikana zaidi ni VAR, yaani mwamuzi msaidizi wa video. Nyingine ni teknolojia ya mstari wa goli na mfumo wa nusu otomatiki wa kutambua kuotea.

Nchini Tanzania mjadala kuhusu mitambo hiyo ulipamba moto Aprili 2024, baada ya klabu ya Yanga kutolewa katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Mjadala huo una maswali mawili: kama teknolojia huleta haki kweli, na kama haki hiyo inaweza kufika katika viwanja vya mikoani, kwa mfano Musoma, Bunda na Butiama katika Mkoa wa Mara.

Aina na utendaji

Sheria za mpira wa miguu zinasema goli limefungwa pale tu mpira wote unapokuwa umevuka mstari wote kati ya milingoti na chini ya mtambaa wa panya. Teknolojia ya mstari wa goli hupima jambo hilo moja tu, na humpelekea refa ishara kwenye saa yake ya mkononi. Haihitaji maoni ya mtu.

VAR ni tofauti, kwa sababu ni watu wanaotazama picha. Mwamuzi wa video na wasaidizi wake hufuatilia mchezo kwenye skrini na kuzungumza na refa kwa redio. Kwa kawaida huingilia mambo manne: goli, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na kadi iliyotolewa kwa mchezaji asiyehusika. Hurekebisha kosa lililo wazi na dhahiri, na refa wa uwanjani ndiye mwenye uamuzi wa mwisho.

Mfumo wa nusu otomatiki wa kutambua kuotea ulitumika katika Kombe la Dunia la 2022 nchini Qatar. Ulikuwa na kamera maalumu 12 zilizofuatilia nukta 29 za mwili wa kila mchezaji, mara 50 kwa sekunde.

Historia

Tarehe 27 Juni 2010, katika Kombe la Dunia lililofanyika Afrika Kusini, shuti la Frank Lampard wa Uingereza dhidi ya Ujerumani liligonga mtambaa wa panya na kudunda ndani ya goli, lakini refa hakulikubali. Tukio hilo liliongeza shinikizo, na mwaka 2012 bodi ya kutunga sheria za mchezo, IFAB, iliidhinisha teknolojia ya mstari wa goli. VAR iliingizwa katika sheria mwaka 2018 na kutumika mwaka huohuo katika Kombe la Dunia nchini Urusi.

Barani Afrika VAR ilitumika katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 2019 nchini Misri kuanzia robo fainali. Wiki chache kabla yake, tarehe 31 Mei 2019, ilikuwa imeleta aibu. Katika fainali ya pili ya Ligi ya Mabingwa Afrika kati ya Espérance ya Tunisia na Wydad ya Morocco, goli la Wydad lilikataliwa, na wachezaji wake walipodai litazamwe upya, mtambo haukuwa ukifanya kazi. Wydad waligoma kuendelea, na shauri hilo likafika hadi mahakama ya usuluhishi wa michezo.

Klabu za Tanzania na VAR

Tarehe 17 Aprili 2022 Simba iliifunga Orlando Pirates ya Afrika Kusini 1-0 jijini Dar es Salaam katika robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, kwa penalti ya Shomari Kapombe. Mchezo huo haukuwa na VAR, na Pirates walilalamikia penalti hiyo. Walishinda marudiano 1-0 na kusonga mbele kwa mikwaju ya penalti.

Miaka miwili baadaye malalamiko yalitoka upande wa Tanzania. Yanga na Mamelodi Sundowns walitoka 0-0 Dar es Salaam katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Katika marudiano yaliyochezwa Pretoria tarehe 5 Aprili 2024, shuti la Stephane Aziz Ki liligonga mtambaa wa panya na kudunda kwenye eneo la mstari. VAR ilikuwepo, lakini goli halikukubaliwa. Mchezo uliisha 0-0 na Sundowns walishinda kwa penalti 3-2. Yanga walipeleka malalamiko kwa Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika (CAF).

Tukio hilo lilionyesha mipaka ya VAR. Mwamuzi wa video hutegemea pembe za kamera zilizopo. Kama hakuna kamera iliyo sawa na mstari, picha hiyohiyo inaweza kuonekana goli kwa mmoja na si goli kwa mwingine. Wakati wa bajeti ya mwaka huo, serikali ya Tanzania ilitangaza nafuu ya kodi kwa vifaa vya VAR.

Hoja za kuunga mkono na kupinga

Wanaounga mkono husema kosa moja linaweza kuigharimu klabu ubingwa au nafasi ya kubaki ligi kuu, na kwamba si haki mtazamaji wa televisheni aone kosa ambalo refa hakuliona. Husema pia kuwa picha humlinda refa dhidi ya tuhuma za rushwa.

Wanaopinga husema mchezo husimama mara kwa mara, furaha ya goli hupungua, na ubishi hauishi bali huhama kutoka kwa refa kwenda kwa mtazama skrini. Makosa kama kuunawa mpira hubaki kuwa suala la tafsiri hata picha ikirudiwa mara kumi.

Hoja ya tatu ni usawa. Katika robo fainali ya Kombe la FA la Uingereza mwaka 2019, VAR ilitumika kwenye viwanja vya klabu za Ligi Kuu pekee. Swansea, waliokuwa daraja la chini, walifungwa 3-2 na Manchester City nyumbani kwao bila VAR, kwa goli la ushindi lililoonekana la kuotea.

Hali katika Mkoa wa Mara

Biashara United ya Musoma, wanaoitwa Wanajeshi wa Mpakani, walicheza Ligi Kuu ya Tanzania Bara kuanzia msimu wa 2018/19 hadi waliposhuka daraja mwishoni mwa 2021/22. Uwanja wao wa nyumbani ulikuwa Karume, Musoma. Hata hivyo, walipoifunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 katika Kombe la Shirikisho Oktoba 2021, mchezo huo ulichezwa Dar es Salaam. Bunda nayo imetoa Bunda Queens, iliyocheza Ligi Kuu ya Wanawake.

Chini ya ngazi hiyo, kama ilivyo kwingine nchini, mpira wa Musoma, Bunda na Butiama ni ligi za wilaya na mkoa pamoja na michezo ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA. Huko refa hutegemea macho yake, kipyenga na washika vibendera wawili. Hivyo mafunzo ya waamuzi yana uzito mkubwa kuliko kamera.

Mfumo ulio karibu zaidi na mazingira hayo ni ule FIFA ilioujaribu katika Kombe la Dunia la wanawake chini ya miaka 20 nchini Kolombia mwaka 2024. Hauna waamuzi wa video. Kila kocha ana nafasi mbili za kuomba tukio litazamwe upya, na refa mwenyewe huangalia skrini kando ya uwanja. Unaweza kuendeshwa kwa kamera chache, lakini bado unahitaji umeme wa uhakika, mpiga picha na mtu wa kurudisha picha.