Keya wa Machakos na Maji ya Februari

Mji wa Machakos umekaa chini ya vilima vya Iveti, mbali na bahari, lakini tarehe yake haisomeki bila bahari. Kabla ya serikali yoyote kuweka boma hapa, misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka Mombasa na pembe za ndovu na kurudi na shanga, nguo na waya wa shaba. Wengine hawakurudi, walijenga huko huko, na hadi leo ziko koo za Kikamba zenye makaburi Rabai. Mwaka 1889 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki iliweka kituo chake katika nchi ya Masaku, yule mtabiri ambaye jina lake limebaki kwenye ramani. Kwa miaka kumi hivi Machakos palikuwa makao makuu ya wakoloni barani, chini ya John Ainsworth kuanzia 1892. Kisha reli ikapita kando, mwaka 1899 ofisi zikahamia Nairobi, na mji ukabaki na vilima vyake.

Ainsworth aliondoka, lakini habari yake na Ukamba haikuishia hapo. Mwaka 1917, Waingereza walipokuwa wamekwama Tanganyika wakimfukuza Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck, ni yeye aliyekabidhiwa kazi ya kutafuta wapagazi. Alilijua kila bonde la Machakos, akawatumia machifu aliowajua, na katika miezi michache wilaya za Kenya zikatoa zaidi ya watu laki moja. Walibeba unga na risasi vichwani, wakafa zaidi kwa kuhara na malaria kuliko kwa bunduki. Makumi ya maelfu hawakurudi, na wengi wao hawakuandikwa popote kwa majina. Miongoni mwa waliorudi alikuwa Mutisya wa Munge, wa Wamunyu. Alikuja na ufundi wa kuchonga vinyago aliouona kwa mafundi wa Tanganyika, na biashara yote ya vinyago vya Wakamba, ile inayojaza maduka ya watalii kutoka Mombasa hadi Nairobi, inaanzia kwake. Nataja hili kwa sababu ndilo jambo jema pekee ninalolijua lililotoka katika vita ile.

Kizazi kilichofuata kilikuwa na ugomvi mwingine na serikali. Mwaka 1938 maofisa walianza kuwanyang'anya Wakamba ng'ombe kwa madai kwamba wanamaliza ardhi, wakiwauza kwa bei ya kutupa huku kiwanda cha nyama kikifunguliwa Athi River. Samuel Muindi Mbingu akawaongoza watu, waume kwa wake, hadi Nairobi, wakapiga kambi Kariokor, mtaa ambao jina lake lilitokana na kikosi cha wapagazi wa vita ya kwanza. Walikaa wiki kadhaa wakimngoja gavana. Muindi alikamatwa akapelekwa Lamu, lakini unyang'anyi wa ng'ombe ulisimamishwa.

Mwaka mmoja baadaye vita ya Hitla ikaanza, na watu wale wale waliowasumbua maofisa ndio walioandikishwa. Kenya ilitoa karibu askari laki moja, na Ukamba ukatoa zaidi ya sehemu yake. Wazungu walisema Wakamba ni kabila la kivita kwa asili. Mimi naona sababu iko wazi zaidi: kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, mvua za Machakos hazina uhakika, na mshahara wa Keya, yaani jeshi la King's African Rifles, ulinunua ng'ombe. Kijana aliyemwona baba yake akipoteza mifugo mwaka 1938 alikuwa na haja ya kutosha ya kuvaa kaptura ya kaki.

Hapo ndipo bahari inaporudi katika tarehe hii.

Mapema Februari 1944 msafara wa meli uliondoka bandari ya Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo, katika Seloni. Ulikuwa na meli tano za abiria zilizobeba askari, na walinzi wake walikuwa manowari kubwa HMS Hawkins na manowari ndogo mbili, Petard na Paladin. Moja kati ya hizo tano iliitwa Khedive Ismail, chombo kilichoundwa Uskoti mwaka 1922 kwa ajili ya Chile na baadaye kununuliwa na Wamisri. Ndani yake kulikuwa na watu 1,511. Zaidi ya mia tisa walikuwa wapiga mizinga wa kikosi cha 301 cha East African Artillery, na wengine walikuwa mabaharia wa Kiingereza, wauguzi wa kike na wafanyakazi wa meli. Miongoni mwa wapiga mizinga hao walikuwamo vijana wa bara, waliokulia mahali ambapo maji mengi kuliko yote waliyoyajua ni mto Athi ukifurika.

Jumamosi tarehe 12 Februari, baada ya chakula cha mchana, msafara ulikuwa karibu na visiwa vya Maldivi. Bahari ilikuwa shwari. Nyambizi ya Kijapani I-27 ikafyatua torpido, mbili zikaipata Khedive Ismail ubavuni. Meli ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Wanajeshi waliokuwa vyumba vya chini hawakupata hata nafasi ya kuifikia ngazi.

Kilichofuata ni kigumu kukisimulia, na hakifai kufichwa. Nyambizi ilijificha chini ya mahali walipokuwa wakielea walionusurika. Kamanda wa Petard alikuwa na meli nyingine nne zenye maelfu ya watu za kulinda. Akaamuru mabomu ya kina yatupwe pale pale, na yaliwaua baadhi ya waliokuwa majini wakingoja kuokolewa. Nyambizi ililazimika kuibuka. Paladin ilijaribu kuigonga ikachanika tumbo, na mwishowe Petard ikaizamisha kwa torpido. Kati ya watu 1,511 walisalimika 214 tu, wanaume 208 na wanawake 6. Sina uwezo wa kumhukumu kamanda yule, na sitaki kumtukuza pia. Wapiga mizinga wale walikwenda kupigana na Wajapani Burma, na baadhi yao waliuawa na silaha za upande wao wenyewe.

Wenzao walifika. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilivuka kutoka Seloni ikapigana katika bonde la Kabaw huko Burma wakati wa masika. Waliporudi, kiinua mgongo chao kilipimwa kwa rangi ya ngozi: mzungu alilipwa hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo kile kile. Hata hivyo jeshi la Kenya huru liliinuka kutoka mikononi mwa Keya. Joseph Ndolo alikuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza jeshi la nchi kavu, na Jackson Mulinge wa Kathiani akawa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1978 hadi 1986.

Waliozama wana mahali pao. Kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi, uko Mnara wa Kumbukumbu ya Afrika Mashariki, na majina ya wapiga mizinga wa Khedive Ismail yamechongwa pale, ya Kikamba kati yake. Kila Novemba mabalozi, maofisa wa jeshi na wazee wachache waliobaki hukusanyika hapo. Tarumbeta hulia, watu hunyamaza dakika mbili, mashada huwekwa. Mfalme Charles alifika hapo mwaka 2023 na kuwapa wazee medali mpya badala ya zile walizozitupa enzi za Mau Mau, wakihofia kuonekana vibaraka. Siku iliyofuata alikuwa Mtongwe, Mombasa, kwenye kambi ya Jeshi la Wanamaji lililoundwa Desemba 1964, akitazama makomando wa Kenya wakiteremka ufukweni. Wanamaji hao wana kumbukumbu yao wenyewe: mwaka 2012 walishiriki kutua Kismayu kutoka baharini, na kila tarehe 14 Oktoba majeshi yote huadhimisha Siku ya Majeshi ya Ulinzi ya Kenya (KDF).

Naiombea Machakos tarehe 12 Februari iwe siku yake ya kumbukumbu. Siku ile ya Novemba ni ya Ulaya, siku ya kusitisha vita ya kwanza kule Ufaransa. Kwa wapiga mizinga wa 301 siku yenyewe ni ile Jumamosi ya Februari. Wakamba humzika mtu wao nyumbani, shambani kwake, na hawa hawana kaburi hata moja la kupaliliwa. Wanamaji wa Mtongwe wangeweza kulipeleka shada baharini kutoka Kilindini, bandari ile ile walikopandia, saa ambayo majina yanasomwa uwanjani Machakos mbele ya wajukuu.

Majina yapo. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola imeyaandika katika rejista, pamoja na namba ya askari na kikosi chake, na mwaka 2021 Tume hiyo hiyo ilikiri kwamba Waafrika wengi, hasa wapagazi wa vita ya kwanza, waliachwa bila jina popote. Kwa hiyo familia ya Mwala au Yatta inayomtafuta babu wa mwaka 1917 ina kazi kubwa. Inayomtafuta wa mwaka 1944 inaweza kwenda Barabara ya Ngong kesho asubuhi.