Ngozi ya Maji

Katika vijito viteremkavyo kwenda mto Kagera twaona wadudu wakitembea juu ya maji wasizame. Uso wa maji hujivuta kama ngozi ya ngoma, na sabuni huulegeza. Sisi walimu tulikuwa tukifundisha kwamba hulegea papo hapo. Kumbe sivyo.

Kupima uso uliotulia si kazi kubwa. Lakini uso ubadilikao upesi utaupimaje? Mwaka 1890 Mwingereza Lord Rayleigh alipitisha maji kwa nguvu katika tundu lenye umbo la yai. Mchirizi ukatanuka upande huu, kisha upande huu, mfano wa pete za mnyororo. Pete fupi huonyesha uso uvutao sana. Pete ndefu, uso uliolegea. Akaona kwamba maji ya sabuni, yakitoka tunduni sasa hivi, huvuta karibu sawa na maji matupu, kwa kuwa sabuni haijawahi kukusanyika usoni. Mwaka 1909 Niels Bohr wa Denmark alichapisha vipimo vyake vya maji matupu kwa njia iyo hiyo.

Basi tulikosa kwa kuliamini jicho, nalo ni zito kuliko sabuni.