Chenji ya rada na kesi ya hesabu za vitabu

Desemba 2010, katika mahakama ya Southwark jijini London, kampuni ya silaha ya BAE Systems ilihukumiwa kwa kosa moja tu: kutotunza ipasavyo hesabu za malipo ya wakala wake wa Tanzania. Shtaka la rushwa halikuwemo.

Rada ya kuongozea ndege iliuzwa kwa Serikali ya Tanzania mwaka 1999 kwa karibu dola milioni 40. Takriban dola milioni 12, karibu theluthi ya bei, zikaenda kwa wakala, Shailesh Vithlani. Asilimia 3 ya malipo ilipita wazi, kwenye kampuni yake iliyosajiliwa Tanzania. Asilimia 97 ilitoka kwenye kampuni ya BAE ya Visiwa vya Virgin vya Uingereza na kuingia kwenye kampuni nyingine Panama. Kazi halali ya kushawishi haihitaji mfereji wa kificho. Jaji Bean naye aliona hivyo: kumchukulia Vithlani kama mshawishi tu aliyelipwa vizuri, alisema, ni kujidanganya kupita kiasi.

Tuliambiwa mapema. Benki ya Dunia ililalamikia bei, na Clare Short, waziri wa misaada wa Uingereza, aliupinga mpango huo serikalini. Tony Blair aliuunga mkono. Kibali cha kusafirisha rada kikatoka Desemba 2001, nchi ikiwa ndiyo kwanza imesamehewa madeni.

Uchunguzi wa SFO, taasisi ya Uingereza ya kupambana na ufisadi mkubwa, ulitikisa hadi Dodoma. Aprili 2008 Waziri wa Miundombinu, Andrew Chenge, alijiuzulu baada ya kuripotiwa kwamba ana zaidi ya dola milioni moja kisiwani Jersey. Alikana kuhusika na rada, na hakushtakiwa kwayo.

Kilichoniuma zaidi ni makubaliano ya Februari 2010. BAE ingelipa pauni milioni 30, faini ikitolewa humo humo na salio likienda kwa Watanzania. SFO nayo ingeacha kuichunguza kampuni kwa makosa yake ya nyuma. Kwa hiyo kila pauni ambayo jaji angeongeza kwenye faini ingetoka mfukoni mwa Mtanzania. Alilalamika waziwazi, lakini mikono yake ilikuwa imefungwa. Akatoza pauni 500,000.

Zikabaki milioni 29.5, ambazo mitaani tuliziita chenji ya rada. Hata hizo zilikawia, maana kampuni ilitaka kuamua yenyewe namna ya kuzigawa. Juni 2011 wabunge wetu, wakiongozwa na Naibu Spika Job Ndugai, walikwenda London kuzidai. Machi 2012 makubaliano yalisainiwa, na fedha zikapangiwa vitabu na madawati ya shule za msingi.