Gharama Iliyofichwa Kwenye Rahani za Karafuu

Katika Zanzibar ya karne ya 19, mwenye shamba la mikarafuu aliyetaka mkopo mara nyingi hakuandikiwa riba yoyote. Aliuza shamba. Waraka uliandikwa, mashahidi wakatajwa, fedha zikahesabiwa, na shamba likahamia kwa mnunuzi. Hapo hapo mnunuzi akamkodisha muuzaji shamba lile lile. Muuzaji aliendelea kuishi pale, kupalilia na kuchuma, na akabaki na hiari ya kulikomboa kwa kurudisha fedha alizopokea katika muda waliokubaliana. Mapatano haya yaliitwa bei khiyari, na kwa miongo mingi ndiyo yaliyokuwa njia kubwa ya kuweka mashamba rahani Unguja na Pemba.

Sababu yake inaeleweka. Uislamu unaharamisha riba, na wenye mashamba, Waarabu na Waswahili, walikuwa Waislamu. Wenye fedha wengi walikuwa wafanyabiashara kutoka Gujarat na Kachchh, India: Mabaniani, Makhoja na Mabohora. Waraka wa kuuziana na kukodishana ulimwezesha mmoja kupata fedha na mwingine kupata faida bila neno riba kuandikwa popote.

Tupige hesabu ya mfano. Shamba limeuzwa kwa riale 1,000, kisha mwenyewe akalikodi kwa riale 10 kwa mwezi. Mwaka ukiisha amelipa riale 120, na akitaka kukomboa shamba bado anatakiwa kutoa 1,000 kamili. Miaka mitano ikipita amelipa 600, na deni halijapungua hata riale moja. Hiyo ni asilimia 12 kwa mwaka, ila imeandikwa kwa jina la kodi.

Kwa nini watu wenye mashamba makubwa waliingia katika mapatano haya? Jibu liko kwenye zao lenyewe. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman aliyehamishia makao yake Zanzibar kutoka Muscat, anakumbukwa kwa kuagiza kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na hata ukikomaa mavuno yake hayatabiriki: msimu mmoja matawi yanaelemewa, msimu unaofuata mti hauna kitu. Karafuu zikiwa tayari hazingoji. Lazima zichumwe kabla hazijachanua, zianikwe juani, zikauke, ndipo zipimwe kwa frasila, ambayo ni kama kilo 16. Gharama zote hizo zilikuja kabla mwenye shamba hajauza chochote. Zaidi ya hayo, upanzi ulipoenea, karafuu zikajaa sokoni na bei ikaanguka. Kimbunga cha Aprili 1872 kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na amri ya 1897 ya kukomesha utumwa ikayaondolea mashamba nguvukazi yaliyoitegemea. Kila pigo lilimrudisha mwenye shamba kwa mkopeshaji.

Fedha zenyewe zilipita mikono mingi. Juu kabisa zilikuwapo nyumba kubwa za biashara, kama ile ya Jairam Sewji, iliyokodi forodha ya Zanzibar kuanzia miaka ya 1830 na kuwakopesha hata watawala. Wafanyabiashara wa Mji Mkongwe walichukua fedha na bidhaa huko kwa mali kauli, yaani kwa mkopo, nao wakawapa wenye maduka ya shamba. Mwenye duka wa Wete au Chake Chake, kisiwani Pemba, ndiye aliyemkopesha mkulima. Kila mkono ulikata chake, na anayeweka shamba rahani akabeba jumla yote.

Jumla hiyo haikuandikwa mahali pamoja. Sehemu yake ilikuwa ndani ya kodi. Sehemu nyingine ilijificha kwenye kiasi cha deni, maana maofisa wa kikoloni walilalamika kwamba wakopaji walitia saini kiasi kikubwa kuliko walichopokea mkononi. Nyingine ilikuwa kwenye karafuu zilizouzwa zikiwa bado mtini, kwa bei ya chini, kwa mtu yule yule aliyekopesha. Nyingine ilikuwa kwenye mchele na nguo za dukani zilizochukuliwa kwa mkopo. Mtu mmoja akawa mkopeshaji, dalali na mnunuzi wa mazao, na mkulima hakuwa na njia ya kujua fedha zimemgharimu kiasi gani.

Hata hivyo, si haki kumchora mkopeshaji kama mnyonyaji tu. Naye alidaiwa na waliomtangulia katika mnyororo huo, na dhamana yake ilikuwa na matatizo. Mwaka 1860 balozi wa Uingereza, Rigby, aliwalazimisha Wahindi waliokuwa chini ya himaya ya Uingereza kuwaacha huru watumwa wao. Shamba lililolimwa na watumwa likawa gumu kwa mkopeshaji kulitwaa na kuliendesha. Ikawa nafuu kwake kumwacha mdaiwa shambani na kuendelea kupokea kodi, na madeni yakaweza kurithiwa.

Bei ya karafuu iliposhuka tena wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ilianza kuchunguza. C.F. Strickland, mtaalamu wa ushirika aliyefanya kazi Punjab, aliandika ripoti yake. Wachunguzi Bartlett na Last wakafuata na yao kuhusu madeni mwaka 1933. Mwaka 1934 zikatoka amri kadhaa kwa pamoja: ya wakopeshaji fedha, ya Chama cha Wakulima wa Karafuu, ya kusimamisha kwa muda utwaaji wa mashamba yenye madeni, na ile iliyozua moto kuliko zote, iliyozuia ardhi ya Waarabu na Waafrika kupita mikononi mwa watu wengine bila idhini ya serikali.

Hapo mgogoro wa gharama ya mkopo ukageuka kuwa mgogoro wa kabila. Serikali ya India ilimtuma K.P.S. Menon, naye akaona amri hizo zinawabagua Wahindi. Chama cha Wakulima kilipopewa madaraka makubwa zaidi juu ya ununuzi wa karafuu mwaka 1937, wafanyabiashara wa Kihindi waligoma, na chama cha Congress kikahimiza India isusie karafuu za Zanzibar. India ilikuwa soko kubwa, na visiwa viliumia. Mapatano yalifikiwa mwaka 1938, na mwaka huo huo ikawekwa sheria ya kusuluhisha madeni ya ardhi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi ilitaifishwa na kugawiwa eka tatu tatu, na enzi ya mashamba makubwa ya rahani ikafikia mwisho.

Watawala walikosea pale walipotazama zaidi nani anakopesha kuliko mkopo unagharimu kiasi gani. Kama kila waraka ungelazimika kuonyesha fedha iliyopokewa na jumla itakayolipwa, mkulima wa Pemba angeweza kulinganisha mkopeshaji mmoja na mwingine, na mkopeshaji mwadilifu asingebebeshwa lawama za wenzake.

Jambo hili bado linatuhusu. Tanzania ina sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008, na kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zinataka gharama ziwekwe wazi. Lakini anayechukua mkopo wa nyumba bado hukutana na ada ya kushughulikia mkopo, malipo ya mthamini, ya wakili, ya kusajili rahani na ya bima, mbali na riba au kodi ya mkataba wa ijara, yaani wa ukodishaji wa Kiislamu. Kabla hujatia saini, omba jumla ya vyote hivyo kwa maandishi, kwenye karatasi moja, kuanzia siku ya kwanza hadi hati itakaporudi mkononi mwako. Mkopeshaji akisita kukuandikia, tafuta mwingine.