Besi la Ziwani

Sisi wa visiwani tumezoea besi la taarabu, lile la mbao lipigwalo kwa kusimama, ambalo huifuata fidla kwa adabu zake zote. Nilipofika Mwanza mara ya kwanza, nikasikia gitaa la besi likienda mbio mbele ya mwimbaji, nilidhani fundi mitambo amekosea. Hakukosea. Ilikuwa benga.

Benga ni muziki wa Wajaluo wa mwambao wa Ziwa Victoria, na mzizi wake umo katika nyatiti, kinubi cha nyuzi nane. Mpiga nyatiti hufanya kazi zote peke yake: huimba, hudonoa nyuzi, na kwa pete ya chuma iliyo kidoleni mwa mguu hugonga ubao wa ala yake. Magitaa ya umeme yalipoenea katika miaka ya 1960, kazi ya mtu huyo mmoja iligawanywa. Solo na rithimu zikarithi nyuzi. Besi, kwa maoni yangu, ndilo lililorithi ule mguu. Ndiyo maana halikai chini likihesabu mapigo tu, bali hudunda, hukatiza, hujibu. Na waimbaji wanaponyamaza ili magitaa yapande, ndilo linalowashika wachezaji wasipotee.

Jina kubwa la muziki huo lilizaliwa upande wetu wa mpaka. Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati, mkoani Mara, mwaka 1940, alivuka kwenda Kenya, akaongoza Shirati Jazz, akaimba siasa kwa mafumbo na akafungwa zaidi ya mara moja, hadi alipofariki kwa ajali ya gari Kisumu, Mei 2006. Maneno yalimpa jina, yakampa na jela. Besi halina maneno.

Wala mpiga besi wa mwambao huu hakuishi kwa benga pekee. Jumamosi ukumbini alitakiwa rumba na chacha. Jumapili, kwaya, kwani kwaya za Mwanza, ile ya vijana wa AIC Makongoro mojawapo, huimba kwa magitaa. Chuo chake kilikuwa nyuma ya jukwaa: kijana hubeba spika, hukodolea vidole vya mkubwa wake, na siku mkubwa akiugua hutahiniwa mbele ya watu.

Mwenyeji wangu alinifasiria Kijaluo cha Misiani jioni nzima, ubeti kwa ubeti. Nilipomwuliza besi anapiga nani, aliinua santuri, akasoma jina la bendi na la mtunzi, akaigeuza, akasoma tena yale yale, akairudisha kwenye mashine.