Homa ya Q: Ugonjwa wa mifugo unaodhaniwa kuwa malaria

SI kila homa ni malaria. Kati ya mwaka 2007 na 2008, watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi mjini Moshi, mkoani Kilimanjaro. Wagonjwa 528 walihesabiwa na madaktari kuwa na malaria, lakini maabara ilithibitisha 14 tu. Miongoni mwa wagonjwa waliopimwa homa ya Q, 24 walikutwa nayo.

Homa hiyo, ambayo wakazi wengi wa mijini hawajapata kuisikia, husababishwa na bakteria aitwaye Coxiella burnetii. Huishi hasa katika mbuzi, kondoo na ng'ombe, na mnyama mwenye maambukizi aghalabu huonekana mzima, isipokuwa pale anapotupa mimba.

Bakteria hao hutoka katika maziwa, mkojo na kinyesi, lakini kwa wingi zaidi katika kondo la nyuma na maji ya uzazi. Majimaji hayo yakikauka hugeuka vumbi, na binadamu huambukizwa kwa kuvuta hewa yenye vumbi hilo. Bakteria wachache, hata wasiozidi 10, wanatosha kumwambukiza mtu, nao huweza kudumu ardhini kwa miezi kadhaa. Ni nadra sana binadamu kumwambukiza mwenzake.

Jina lenyewe lina kisa. Mwaka 1937, Dk. Edward Derrick alieleza homa isiyofahamika iliyowapata wafanyakazi wa machinjio mjini Brisbane, Australia. Kwa kuwa chanzo kilikuwa bado fumbo, aliipa herufi Q, ya kwanza katika neno la Kiingereza lenye maana ya swali. Swali lilijibiwa muda mfupi baadaye, lakini jina likabaki.

Anayedhani kuwa huu ni ugonjwa wa wafugaji peke yao atazame yaliyotokea Uholanzi. Kati ya mwaka 2007 na 2010, watu zaidi ya 4,000 waliripotiwa kuugua huko, wengi wao wakiwa wakazi wa kawaida walioishi jirani na mazizi makubwa ya mbuzi. Serikali ililazimika kuua zaidi ya mbuzi 50,000, wengi wakiwa na mimba.

Takriban nusu ya walioambukizwa hawaoni dalili yoyote. Wengine, wiki mbili au tatu baadaye, hupata homa kali, maumivu ya kichwa na misuli, uchovu, na pengine nimonia au uvimbe wa ini. Wachache hupata ugonjwa sugu unaoshambulia vali za moyo, na usipotibiwa huua. Walio hatarini zaidi ni wajawazito na wenye hitilafu za moyo.

Dawa ipo, nayo si ngeni: doksisaiklini, ambayo hufaa zaidi ikianzwa siku za mwanzo. Ugonjwa sugu huhitaji matibabu ya mwaka mmoja na nusu au zaidi. Kwa hiyo mgonjwa aliyehudumia mnyama aliyezaa au kutupa mimba amweleze daktari, hata asipoulizwa.

Australia imekuwa na chanjo ya binadamu tangu mwaka 1989. Pasipo na chanjo, kinga ni kuvaa glavu na barakoa wakati wa kuzalisha mifugo, kufukia au kuchoma kondo la nyuma badala ya kuwaachia mbwa, na kuchemsha maziwa.