Uwanja wa Fasili, Uwanja wa Thamani

Njia ya 18 ya treni za jiji la Guangzhou, China, huanzia Xiancun, katikati ya mji, ikateremka kusini hadi Wanqingsha, ndani ya wilaya ya Nansha, kule Mto Zhujiang unakokutana na bahari. Ilifunguliwa tarehe 28 Septemba 2021, na treni zake zinaweza kufikia kilomita 160 kwa saa. Watu husifu mwendo huo. Mimi navutiwa zaidi na nauli. Kilomita 4 za kwanza ni yuani 2. Kutoka hapo hadi kilomita ya 12, kila kilomita 4 huongeza yuani 1. Kutoka ya 12 hadi ya 24, kila kilomita 6 huongeza yuani 1. Na zaidi ya 24, kila kilomita 8 huongeza yuani 1. Umbali unaingia, nauli inatoka. Mwalimu wa kidato cha tatu angesema hiyo ni fanksheni, kisha angeuliza maswali mawili yanayofuatana na fanksheni popote iendapo: ni namba zipi zinazoruhusiwa kuingia, na ni zipi zinazoweza kutoka?

Jibu la swali la pili linapendeza. Abiria anaweza kusafiri kilomita 5, au 5.7, au 7.9, na kwa zote atalipa yuani 3. Hakuna safari ya kulipia yuani mbili na nusu. Zinazotoka ni namba nzima tu, kuanzia 2. Swali la kwanza lina kina zaidi ya linavyoonekana. Ukisoma kanuni peke yake, utasema umbali wowote uliozidi sifuri unaruhusiwa. Lakini treni haimshushi mtu kati ya stesheni na stesheni. Umbali unaoweza kulipiwa ni ule ulio kati ya stesheni mbili, na stesheni zina hesabu yake. Basi kanuni ni moja, ila seti za kuingiza ni mbili: moja ni mstari mzima wa namba chanya, nyingine ni nukta chache zilizotawanyika juu ya mstari huo. Hisabati inazihesabu kuwa fanksheni mbili tofauti, hata kama bango la nauli halibadiliki.

Mwanafunzi wa Nansha hufundishwa jambo hili katika mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu. Vitabu vya China husema fanksheni ina nguzo tatu: seti ya kuingia, kanuni ya kuoanisha, na seti ya kutoka. Seti ya kuingia huitwa dingyiyu, na ya kutoka huitwa zhiyu. Tuyafungue majina hayo, kwa kuwa ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii. Dingyi ni fasili. Zhi ni thamani. Yu, inayofunga majina yote mawili, ni eneo lenye mipaka, himaya. Kwa hiyo mtoto hasikii maneno mawili ya kigeni ya kukariri. Anasikia himaya ya fasili na himaya ya thamani. Akiulizwa kutafuta dingyiyu, jina lenyewe limekwisha kumwambia la kufanya: tafuta mahali ambapo fanksheni ina fasili. Wajerumani nao wameyajenga hivyo hivyo, mzizi mmoja wa eneo ukibeba fasili upande huu na thamani upande wa pili.

Jina la fanksheni yenyewe lina historia ndefu zaidi. Mwaka 1859, huko Shanghai, mwanahisabati Li Shanlan na mmisionari Mwingereza Alexander Wylie walichapisha tafsiri ya kitabu cha jiometria changanuzi na kalkulasi cha Mmarekani Elias Loomis, kilichotoka mwaka 1851. Li alihitaji istilahi nyingi ambazo Kichina hakikuwa nazo, na kwa fanksheni akatunga hanshu. Shu ni namba. Han ni kasha, na pia ni kitenzi cha kubeba kitu ndani. Alieleza kwamba kigeu kimoja kikiwa kimebeba kingine ndani yake, hicho cha kwanza ndicho hanshu ya cha pili. Wajapani walilichukua neno hilo pamoja na alama zake. Baadaye, alama ya han ilipoachwa nje ya orodha rasmi ya maandishi ya mwaka 1946, wakaanza kuandika nyingine inayosomwa vilevile, yenye maana ya uhusiano. Nadhani kwa bahati tu walipata jina lililo karibu zaidi na hisabati ya leo. Fasili ya Li ilifaa kwa zama ambazo fanksheni ilikuwa usemi ulioandikwa kwa herufi, kama mwanahisabati Euler alivyoichukulia mwaka 1748. Tangu Dirichlet, aliyeandika mwaka 1837, fanksheni ni uoanishaji wowote ule, uwe na usemi au usiwe nao, na nauli ya Njia ya 18 ni mfano mzuri wa uoanishaji unaoelezwa kwa maneno bila shida yoyote.

Turudi kwetu. Tanzania, mada za uhusiano na fanksheni kwa miaka mingi zimefunguliwa kidato cha tatu, na zimefundishwa kwa Kiingereza. Kinywani mwa mwanafunzi maneno yanakuwa domeni na renji. Domeni inatokana na Kilatini cha bwana na milki yake. Renji inatokana na Kifaransa cha zamani cha safu. Hakuna hata moja linaloonyesha kwamba dhana hizi mbili ni ndugu. Ndiyo maana wanafunzi wengi huzichanganya, hukariri kwamba moja ni ya x na nyingine ni ya y, na mwezi mmoja baada ya mtihani hawana hakika ipi ni ipi. Nasema hivi bila kuwalaumu. Majina hayakuwapa pa kushika.

Kiswahili kimewahi kupendekezewa nini? Kwa domeni, neno ambalo mtumiaji wa kompyuta na simu hukutana nalo ni kikoa. Ni neno zuri, lenye jasho la watu ndani yake. Kula kikoa ni marafiki kula pamoja kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kila mmoja akichangia. Kuna ushirika ndani yake, na kuna mpaka pia, kwani asiyechangia hali. Kwa majina ya tovuti limeshika, na libaki huko. Kwa fanksheni linanisumbua. Namba zinazoingia kwenye kipeo cha pili hazichangii chochote kwa pamoja. Kila moja inaingia peke yake na kupata jibu lake. Na kikoa halina mwenzake. Ukishasema kikoa, upande wa pili utauitaje?

Wengi hujibu: masafa. Hapa sikubali kabisa. Masafa ni umbali, na tumelizoea hivyo: mbio za masafa marefu, makombora ya masafa marefu, redio ya masafa mafupi. Fizikia nayo imelitwaa kwa idadi ya mitetemo kwa sekunde. Neno limeshikwa na kazi nyingi, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyo seti ya namba zinazotoka.

Hatari yake inaonekana wazi pale Nansha, kwenye maji. Kina cha maji katika mlango wa mto hubadilika kwa saa, basi ni fanksheni ya wakati. Mtu wa pwani yetu anaijua fanksheni hii kwa mwili wake: maji kujaa, maji kupwa, bamvua, maji mafu. Sasa muulize masafa ya fanksheni hiyo ni yapi. Ataelewa unataka tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa, yaani namba moja. Dar es Salaam wakati wa bamvua tofauti hiyo huzidi mita 3. Katika mlango wa Zhujiang kwa wastani haifiki 2. Lakini mwanahisabati hakuuliza tofauti. Ameuliza ni vina vipi vyote vinavyotokea, kuanzia cha chini kabisa hadi cha juu kabisa, na jibu lake ni seti nzima. Kiingereza kinatumia neno moja kwa mambo yote hayo mawili, na kwa umbali wa kombora pia. Hatulazimiki kuurithi mkanganyiko huo.

Waswahili wa Muscat wanaosoma hisabati kwa Kiarabu husema majal kwa seti ya kuingia na mada kwa seti ya kutoka. Majal ni uwanja. Hilo limenisaidia. Awali niliegemea eneo, kwa kuwa ndilo lililo karibu na yu ya Kichina, lakini eneo tayari lina kazi darasani: kila mtoto wa shule ya msingi ametafuta eneo la mstatili na eneo la duara. Mwambie atafute eneo la thamani za fanksheni, naye atachukua rula. Seti ni neno sahihi, ila ni pana mno. Katika mada hii kila kitu ni seti. Uwanja uko wazi. Wanafizikia wamechukua uga kwa sumaku na umeme, wakatuachia uwanja.

Basi nasema: uwanja wa fasili na uwanja wa thamani. Nguvu ya jina la kwanza iko katika sentensi ambayo mwalimu huitamka kila siku. Moja kugawa kwa sifuri haina fasili. Kipeuo cha pili cha namba hasi, tukibaki kwenye namba halisi, hakina fasili. Mwanafunzi aliyezisikia sentensi hizo ameshika njia nzima: ondoa kila panapokosa fasili, kinachobaki ndicho uwanja. Kwa kipeuo cha pili cha x − 3, kinabaki x kuanzia 3 kwenda juu. Kwa x² iliyogawanywa kwa x, kinabaki kila kitu isipokuwa 0. Ndiyo sababu fanksheni hiyo si sawa na fanksheni x, ingawa zinafanana kila mahali pengine.

Jina la pili linafaidika na kuwa pacha wa la kwanza. Chukua y = (2x + 1)/(x − 3). Uwanja wa fasili unaonekana mara moja: x isiwe 3. Uwanja wa thamani haujionyeshi, na hapa ndipo darasa hukwama. Njia ni kuugeuza mlinganyo na kumtafuta x. Unapata x = (3y + 1)/(y − 2). Sasa uliza swali lile lile ulilouliza mwanzo, ila kwa y: wapi usemi huu unakosa fasili? Pale y ikiwa 2. Kwa hiyo 2 haitoki kamwe, hata ukiingiza namba gani, na uwanja wa thamani ni namba zote halisi isipokuwa 2. Swali ni moja, linaulizwa pande mbili, na majina yenye kichwa kimoja yanalisema hilo. Domeni na renji hazikusema. Kikoa na masafa hayatasema.

Si kila fanksheni hugeuka kirahisi hivyo. Kipeuo cha pili cha 9 − x² ukikichora hutoa nusu duara ya juu: x kutoka −3 hadi 3, thamani kutoka 0 hadi 3. Ukikigeuza bila uangalifu, utapata duara zima na kuingiza thamani hasi ambazo kipeuo hakizitoi. Hapo mchoro unashinda aljebra, na mwalimu mzuri hufundisha vyote viwili.

Kuna dhana ya tatu ambayo vitabu vingi huipita. Tukisema fanksheni inatoka namba nzima kwenda namba nzima, nayo ni kuzidisha kwa 2, thamani zinazotoka ni namba shufwa peke yake, lakini tulitangaza kwamba shabaha ni namba nzima zote. Shabaha hiyo si uwanja wa thamani, na katika vitabu vya Kiingereza jina la renji limewahi kutumika kwa zote mbili, mwandishi huyu hivi na yule vile. Kwetu nafasi bado iko: uwanja wa shabaha. Uwanja wa thamani umo ndani yake, na ukiwa sawa nao, fanksheni imeijaza shabaha yote. Nauli ya Njia ya 18, ikitangazwa kwenda namba nzima chanya, haiijazi. Yuani 1 imo katika shabaha, wala hakuna safari inayoifikia.